Saa za Sanaa katika Juma la Mwanafunzi

Tutazame jambo linalorudi nyumbani mwetu kila muhula. Kesho mwalimu atapokea michoro. Usiku huu taa inawaka, mtoto anachora, anafuta, anachora tena, hata karatasi inatoboka. Hesabu alizisoma kila siku. Kuchora, kuimba na kufinyanga aliviachia mabaki ya juma. Baba hunena: «Mtoto huyu hana kipaji.» Sisi twasema: hakukosa kipaji, alikosa siku.

Kazi za sanaa zina mwendo wake. Chungu kibichi kikitiwa motoni, maji yaliyomo hugeuka mvuke nacho hupasuka. Sharti kikauke kwanza kivulini, siku kadhaa. Rangi ya chini isipokauka, ya juu huchafuka. Sauti ikilazimishwa saa nyingi mfululizo huchoka; robo saa kila siku huikomaza.

Tukumbuke kwaya ya Kamina, iliyoongozwa na Padri Guido Haazen: watoto wapata 45 na walimu wapata 15. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba, na mwaka uo huo wakazuru Ulaya. Hawakufuata noti zilizoandikwa. Sehemu kubwa ilibuniwa papo hapo kwa namna ya nyimbo za kwao. Je, mtu hubuni kwa nini, kama si kwa kile alichokizoea siku nyingi?

Basi twawashauri mpango huu. Tangu siku ya kwanza hadi siku ya tano, robo saa ya kuimba. Siku ya pili na ya nne, nusu saa ya kuchora. Siku ya posho, saa moja ya udongo au rangi, maana kazi hiyo yataka kutandaza vyombo na kuosha mikono. Jumla ni saa tatu na robo. Hesabu na Kifaransa havitapungukiwa. Kazi ya kumpa mwalimu ianzwe majuma mawili mbele, na siku ya kwanza mtoto atafute wazo tu, asikamilishe kitu.

Nanyi wazazi, nusu saa hiyo msimtume mtoto sokoni. Twasema hasa juu ya binti, ambaye huitwa kuchota maji kila ashikapo penseli. Maji yachotwe kabla, na kaka yake amsaidie. Mkono wa binti nao wahitaji siku zake.