Nani aliyapanga mawe ya Mwanza? Si volkano, ingawa moto ulihusika

Ukitoka Misungwi kwenda Mwanza mjini, ukishapita Usagara mawe yanaanza kukusindikiza. Mengine yamepandana kabisa, utadhani kuna mtu aliyapanga usiku.

Maarufu zaidi ni Jiwe la Bismarck, lililo ndani ya maji ya Ziwa Victoria karibu na Capri Point. Jina ni la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga Mwanza, lakini jiwe alipewa!

Watu wengi husema haya ni mawe ya volkano. Hapana. Ni graniti: uji wa moto uliopoa taratibu chini ya ardhi, bila kulipuka, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ziwa lenyewe ni mtoto mbele yake.

Sasa yalipandanaje? Mwamba ulipata nyufa, maji ya mvua yakapenya na kula pembe polepole. Sehemu laini ikageuka udongo, mvua ikausomba. Yaliyobaki ni mabonge ya mviringo, moja juu ya jingine. Yaani hayakupandishwa, yalifukuliwa.

Wenyeji wana maelezo yao, na mimi nayapenda. Kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, kuna jiwe linalocheza la Nyaburebeka: inaaminika likiimbiwa linatikisika. Upande wa Kenya, karibu na Kisumu, kuna Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Waluo husimulia kuhusu mzee Ngeso, aliyelipenda hilo jiwe hadi akawa anashinda pale kutwa. Mkewe alipoulizwa mzee yuko wapi, alijibu: kaenda kwa mke mkubwa.

Lakini kwa familia nyingi za hapa jiwe ni kokoto, na kokoto ni ada ya shule. Huwashwa moto juu ya mwamba mpaka upasuke, kisha nyundo inamaliza kazi.

Shida iko vilimani, kama Igogo na Bugarika, ambako nyumba zimejengwa katikati ya mawe. Bonge la juu limeshikiliwa na la chini pamoja na udongo uliobaki. Ukivunja la chini, au ukichimba udongo upate kiwanja, la juu linakosa egemeo. Mvua kubwa ikija, maji yanaendelea na kazi ileile ya kusomba udongo, safari hii juu ya paa la mtu.