Nani Aingie Kikundini: Uteuzi Katika Tiba Fupi ya Uraibu

Tiba ya kikundi ya muda mfupi, yaani vikao 8 hadi 12, huanza kufaulu au kuharibika kabla ya kikao cha kwanza, mnasihi anapoamua nani aingie na nani asubiri. Katika vijiji vya Murang'a, kutoka Kangema hadi Maragua, swali ni lile lile: kwa nini walevi wote wa kijiji wasikusanywe pamoja, maadamu wanajuana? Jibu ni fupi: kwa sababu wanajuana.

Kujuana huko ndiko kunakofunga midomo. Mkulima hatakiri kwamba bonasi ya chai ya Oktoba iliishia kilabuni ilhali shemeji yake ameketi kando yake. Mchuma chai hatafunguka mbele ya mwenye shamba anayemlipa. Ndugu wanaogombania shamba la baba watageuza kikao kuwa kesi. Na wanaokunywa pamoja watatoka pamoja, washike njia ile ile inayopita mlangoni pa muuza chang'aa. Huo ni mkutano wa kijiji, tiba haimo.

La hatari zaidi ni mwili. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe hatari zisakwe na kuharibiwa eneo la Kati, wengi waliamini kwamba pombe ikimwagwa ulevi umekwisha. Sivyo. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, degedege huweza kuja ndani ya saa 6 hadi 48, kisha kuweweseka kunakoweza kuua. Mtu ambaye chai inamwagika kikombeni kabla haijafika mdomoni anahitaji kitanda na daktari kwanza. Kumketisha na wenzake na kumwambia ajikaze ni kuchezea uhai wake.

Utaratibu ufaao ni huu. Kila mmoja ahojiwe peke yake. Wachaguliwe 6 hadi 10, miili ikiwa imetulia, walio tayari kutunza siri na kuhudhuria vikao vyote. Anayewaza kujiua au anayesikia sauti zisizokuwepo apelekwe hospitali mara moja. Jamaa, mwajiri na mwajiriwa watenganishwe: mmoja Murang'a mjini, mwingine Kenol. Asiwepo mwanamke mmoja kati ya wanaume. Wanawake wapewe kikundi chao inapowezekana. Aliyesukumwa na mahakama au familia apokewe akikubali kanuni. Baada ya kikao cha pili, mgeni asiongezwe. Asiyechaguliwa apewe unasihi wa ana kwa ana, au aelekezwe kwenye mikutano ya Alcoholics Anonymous.