Je, Kiswahili ni Lugha ya Wezi?

Wanafunzi wengi nchini Uganda huingia darasani wakiwa wamekwisha kusikia kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Kuwakemea hakusaidii. Sisi huwauliza: nani alikuambia, naye alikisikia wapi? Mara nyingi jibu huwarudisha kwa wazee wao na miaka ya 1970. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni, na Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki. Hofu yao ilikuwa na sababu. Kosa ni kumbebesha kila mzungumzaji mzigo wa askari yule, hata mchuuzi wa Busia au Malaba anayejipatia riziki kwa lugha hiyo hiyo. (Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kejeli hazikuisha.)

Kisha tunaligeuza swali: nasi tunasema nini juu ya Wakaramoja tunaowaona katika mitaa ya Kampala? Hapo darasa hunyamaza. Tunawapa dakika kumi waandike, kwa Kiswahili, walichosikia na aliyewaambia.