Usafi Unaoua Samaki wa Nyumbani

Katika nyumba nyingi ambamo tangi la kioo la samaki ni pambo la sebule na furaha ya watoto, hutokea jambo la kushangaza. Tangi husafishwa kwa bidii, maji yote humwagwa, kokoto husuguliwa, maji mapya hujazwa. Na kabla ya siku mbili kupita samaki huelea wamekufa. Wenye nyumba hudhani samaki walikuwa wagonjwa, ilhali aghalabu kilichobadilika ni maji.

Kipimo kinachohusika hapa ni pH, kilichoasisiwa na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909. Namba 7 ni katikati. Chini yake maji yana asidi, juu yake yana alkali. Kila hatua moja ni badiliko la mara 10. Kwa hiyo, samaki aliyezoea pH 6 akitiwa ghafla katika pH 8 amepambana na badiliko la mara 100.

Samaki hawafanani. Wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji ya alkali, takriban 8.5 hadi 9, ilhali neoni wa mito ya Amazon hupenda asidi kidogo. Hata hivyo, samaki wengi wa dukani huvumilia kiwango kisicho chao hasa, mradi kisibadilike ghafla.

Ndugu msomaji, kinachoyashikilia maji yasiyumbe ni madini ya baikaboneti yaliyoyeyuka ndani yake. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wema huigeuza kuwa naitreti, na kazi hiyo huzalisha asidi inayomaliza akiba ya madini hayo. Akiba ikiisha, pH huporomoka. Maji ya mvua yana akiba ndogo mno. Ya visima vya pwani vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe huwa na akiba kubwa.

Katika tangi lililosahaulika kwa miezi, asidi huifanya amonia nyingi iwe katika hali isiyo na sumu kali. Maji mengi ya alkali yakimiminwa humo kwa mkupuo, ile iliyobaki hugeuka sumu na kuunguza matamvua. Na kokoto zikisuguliwa kwa maji ya bomba yenye klorini, bakteria wale hufa pia.

Utaratibu ulio salama ni huu. Kila wiki badilisha robo ya maji au pungufu; kwa tangi lililosahaulika, anza na sehemu moja ya kumi kwa siku kadhaa. Sifongo ya chujio ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Lisha kiasi kinacholiwa chote kwa dakika chache. Pale pH inaposhuka mara kwa mara, mfuko mdogo wa makombe yaliyosagwa ndani ya chujio husaidia, kwani huyeyuka taratibu kadiri asidi inavyozidi. Yasitumike kwa samaki wapendao asidi.

Pima kwa saa ileile kila wiki, kwa kuwa pH hushuka usiku na kupanda mchana penye mimea. Mtoto mkubwa akabidhiwe daftari la kuandika namba hizo. Akiona zinashuka wiki tatu mfululizo, atakuwa ameijua hatari mapema, wakati samaki wangali hai.