Farasi Wawili Walioizaa Namco

Msomaji mpendwa, kabla sijakueleza habari za Namco, sharti nikiri kosa. Muhula uliopita nilitembea kwa miguu kutoka shuleni hadi nyumbani siku nne mfululizo. Nauli yangu ilikuwa imemezwa na mchezo wa Tekken katika kibanda kimoja karibu na stendi ya matatu. Siku ya nne nilinyeshewa nikalowa chapachapa. Mama akauliza, "Kwani leo matatu zimegoma?" Nikajikunakuna kichwa, mwishowe nikasema kweli. Hakunichapa. Aliniuliza tu, "Na huyo aliyeutengeneza huo mchezo, alianza kwa kula nauli ya mama yake?"

Swali hilo lilinichoma kama mwiba. Basi nikaanza kumtafuta mtu huyo.

Tekken ilitengenezwa na Namco, kampuni ya Japani. Mwanzilishi wake, Masaya Nakamura, alizaliwa mwaka 1925 akasomea uundaji wa meli. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Pili uchumi wa Japani ulikuwa hoi, na kazi ya meli hakuipata. Mwaka 1955 alianzisha kampuni yake ndogo. Mali yake ilikuwa nini? Farasi wawili wa bandia wanaotikiswa na mashine! Aliwaweka juu ya paa la duka kubwa mjini Yokohama, watoto wakawa wanapanda kwa malipo. Nakamura mwenyewe ndiye aliyewapangusa na kuwakaribisha akina mama. Ama kweli, haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1974 alinunua tawi la Japani la Atari, kampuni ya Marekani ya michezo ya video. Huo ndio mlango alioingilia katika michezo hiyo. Mwaka 1977 kampuni ikaitwa rasmi Namco, na mwaka 1979 ikatoa Galaxian, mchezo wa kufyatulia maadui angani.

Sasa sikiliza hapa. Wakati huo kumbi za michezo zilijaa wavulana, na michezo mingi ilikuwa ya kupiga risasi. Kijana mmoja wa Namco, Toru Iwatani, akajiuliza: mbona wasichana hawaji? Akaamua kubuni mchezo wa kula badala ya kuua. Mwaka 1980, akiwa na miaka 25, mchezo wake ukatoka: Pac-Man, kiduara cha manjano chenye mdomo, kama chapati iliyomegwa kipande. Kinapita vichochoroni kikila vitone, huku vizuka vinne vikikiwinda.

Vizuka hivyo si mchezo! Kila kimoja kina tabia yake. Chekundu hukufuata nyuma. Cha waridi hulenga mahali palipo mbele yako ili kikuzibie njia. Ndiyo maana ghafla unajiona umezingirwa, ukidhani ni bahati mbaya, kumbe ulipangiwa.

Tena mchezo wenyewe hauna mwisho uliokusudiwa. Ukimaliza hatua moja, nyingine inakuja, ngumu zaidi. Mashine huhifadhi namba ya hatua katika nafasi inayotosha hesabu hadi 255 tu. Ukiongeza moja inarudi sufuri, kama mita ya gari iliyojaa. Kwa hiyo ukifika hatua ya 256, nusu ya skrini hujaa herufi zilizovurugika na huwezi kuendelea. Hata bingwa hushindwa hapo.

Na Tekken je? Ilitoka mwaka 1994 katika mashine za kutumbukiza sarafu, na jina lake maana yake ni ngumi ya chuma. Mashine hiyo iliundwa kwa kufuata mitambo ya PlayStation ya Sony, kwa hivyo mwaka 1995 haikuwa taabu mchezo kuhamia majumbani. Mwaka 2005 Namco iliungana na Bandai, kampuni ya vitu vya kuchezea. Nakamura alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 91.

Wenzangu, sisemi michezo ni sumu. Mimi mwenyewe bado naipenda, na siku za Jumamosi nikipewa ruhusa nacheza. Ninalosema ni kwamba Nakamura alishika kitambaa cha kupangusia farasi, naye Iwatani alishika swali. Mimi nilishika vitufe tu, nikampa mwenye kibanda nauli ya siku nne. Mchezo hauna mwisho, lakini pesa za mama zina mwisho.

Jioni moja nilimpelekea mama jibu lake. Nilimwambia, "La, mama, alianza na farasi wawili." Akacheka, akanipa nauli ya kesho. Nami nikapanda matatu.