Juu ya Jina la Chuma Kisichoshika Kutu

Chuma hiki huitwa na wengi "chuma cha pua", na wengine "chuma kisichoshika kutu". Majina yote mawili yana kasoro. Pua ya kawaida, ifanyayo visu na patasi, ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, nayo hushika kutu upesi. Jina la pili laahidi jambo lisilotimia palipo na hewa ya bahari, kama Kurasini, kando ya bandari ya Dar es Salaam.

Mlinzi wa chuma hiki ni kromi. Ikifika kiasi cha asilimia 10.5, huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ukikwaruzwa hujirudi wenyewe, maadamu hewa yaufikia. Adui yake ni kloridi iliyomo katika chumvi: huutoboa mahali padogo padogo, na vishimo vikazidi kuingia ndani hali uso ungali wang'aa.

Madaraja yake hayalingani. Daraja la 430 lina kromi ya asilimia 16 hadi 18, pasipo nikeli ya kutajika, nalo hunaswa na sumaku. Daraja la 304 lina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Lafaa kwa vyombo vya jikoni. Daraja la 316 huongezwa molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, ipingayo kloridi; hilo ndilo la pwani. Sumaku haiwezi kupambanua 304 na 316, hivyo mnunuzi hana budi kudai hati ya kiwanda.

Katika kazi, kisisuguliwe kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, wala kisikatwe kwa jiwe lililokwisha kukatia chuma hicho. Chembe zake hunata zikashika kutu, na lawama ikakiangukia kisicho na kosa. Kioshwe mara kwa mara kwa maji baridi yasiyo na chumvi, wala si kwa dawa ya klorini. Penye kiungo kilichochomelewa, rangi iliyoachwa na moto iondolewe, kwani chini yake kromi imepungua.

Kwa hiyo lingefaa zaidi jina la "chuma kihimilicho kutu". Ahimiliye mzigo aweza kuelemewa. Na fundi asikiaye jina hilo atauliza, chahimili kiasi gani, na wapi.