Barua ya Saa Nane Usiku

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari za kompyuta kuukuu isiyolala.

Tuseme ipo kwenye stoo ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kompyuta hii kazi yake ni kusoma joto la friji. Inaendeshwa na Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001, kwa sababu programu ya kipimajoto iliandikiwa mfumo huo na hakuna aliyeiandika upya. Kila saa nane usiku humtumia fundi barua pepe: joto lilikuwa hivi na hivi. Fundi amelala, mlinzi yuko getini. Barua inaandikwa na nani?

Na faili dogo la maandishi liitwalo skripti. Mtu aliliandika mara moja, kisha akaiachia ratiba ya kompyuta iwe inaliamsha. Skripti ni kama mtoto aliyetumwa kwa jirani akakaririshwa maneno: haongezi, hapunguzi.

Na maneno yenyewe ni matamu kweli. Jonathan Postel, wa Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, aliyaandika Agosti 1982, na utaratibu wake unaitwa SMTP. Kompyuta hubisha hodi kwenye mlango namba 25 wa seva ya barua. Seva huitikia 220, yaani nipo tayari. Kompyuta husema HELO na kutaja jina lake. Seva: 250, sawa. Hufuata MAIL FROM na anwani ya mtumaji. 250. RCPT TO na anwani ya mpokeaji. 250. DATA! Hapo seva hujibu 354: haya, lete barua. Barua humiminwa mstari kwa mstari, na mwishoni huwekwa mstari wenye nukta moja peke yake. Nukta hiyo maana yake nimemaliza. QUIT, wanaagana.

Najua mmoja wenu ameshaona tatizo. Je, kama ndani ya barua yenyewe kuna mstari wenye nukta tupu? Si itakatwa katikati? Postel aliliona hilo. Kila mstari unaoanza na nukta huongezewa nukta nyingine kabla ya safari, na upande wa pili huiondoa. Hakuna herufi inayopotea. Kwangu mimi, huo ndio ufundi: kumfikiria mtu ambaye bado hajaandika barua yake.

Lakini hebu rudini kwenye mazungumzo yale. Ni wapi seva iliuliza, "Wewe ni nani hasa?" Hakuna. Mwaka 1982 mtandao ulikuwa wa watafiti wachache walioaminiana. Baadaye walipoingia matapeli, kila mmoja akajitajia anwani aliyoitaka. Ndipo likaongezwa neno la siri, na mazungumzo yakafungwa kwa fumbo liitwalo TLS, asije mpita njia akayasikia. Toleo la kwanza la TLS lilitoka 1999, na hilo Windows XP inalijua. Toleo 1.2 haikulijua kamwe. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na mwaka 2021 kanuni za intaneti zikasema matoleo 1.0 na 1.1 yasitumike tena.

Basi usiku mmoja barua haiendi. Fundi huifungua skripti, hubadilisha hiki, hubadilisha kile. Anaionea. Haijakosea hata herufi. Seva imekata mazungumzo kabla hata ya kusikia neno la siri.

Dawa ni kuweka kompyuta ya pili humo humo ndani, hata kale kadogo kaitwako Raspberry Pi, yenye Linux na programu ya Postfix. XP huikabidhi barua kwa maneno yale yale ya 1982, nayo huifunga kwa TLS ya kisasa na kuipeleka nje. Iagizwe ipokee barua za XP tu, la sivyo ikifikiwa kutoka nje matapeli wataigeuza mtambo wa barua taka. XP yenyewe ifungiwe intaneti kabisa.

Mkitaka kuhakikisha kabla ya usiku kuingia, fungueni programu ya telnet kwenye hiyo XP, mwelekee mlango namba 25 wa kompyuta mpya, mwandike wenyewe kwa mkono kuanzia HELO. Baada ya nukta ya mwisho ikija 250, barua imepokelewa. Mwambieni fundi aangalie simu yake.